Mazao Yetu Yasiyopenda Kuzaa

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa botania na kilimo waliotembelea Arusha. Nimeiandika upya kutoka kwenye kumbukumbu zangu, na utani wa ukumbini nimeuacha kiasi.

Shikamooni walimu wangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, naomba kijana wa projekta atuwashie ile hadubini. Vile vidonge mnavyoviona ukutani ni chavua ya ua la kwenye vyungu vya pale mlangoni, lile ambalo tunda lake likikomaa ukiligusa linafyatuka na kurusha mbegu. Wakati mnatafuta viti nimeikung'uta kwenye tone la maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo sana. Sukari nimeiomba jikoni. Iacheni hapo hapo, tutairudia.

Nimeombwa nizungumzie nafasi za masomo ya juu na utafiti katika baiolojia ya uzazi wa mimea. Bibi yangu aliponiuliza nasomea nini nikajaribu kumweleza, akanikatiza: "Yaani unasomea maua yanavyopata mimba." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kuona mbegu ya muhogo? Naona mikono mingi. Sasa shusha mkono kama uliyoiona ni kipande cha shina. Haya, imebaki mikono miwili, na mmoja ni wa mwalimu wenu.

Ndivyo lugha yetu ilivyo. Mkulima akikuambia "nipe mbegu ya muhogo" anataka pingili. Mbegu ya mgomba ni chipukizi, mbegu ya viazi vitamu ni marando. Mbegu yenyewe, ile yenye kiinitete ndani, tumeisahau kiasi kwamba neno lake tumelihamishia kwingine. Na tulikuwa na haki ya kuisahau, kwa sababu mazao haya yamezoea kupandwa kwa kukatwa vipande, na mengi yao huzaa kwa mbegu kwa shida, kwa kuchelewa, au yanakataa kabisa. Lakini ugonjwa mpya ukiingia, zao linalopandwa kwa vipande halina pa kukimbilia. Shamba zima ni mmea mmoja uliorudiwa. Ili upate kinga inabidi uwakutanishe wazazi wawili, na hapo ndipo anapotafutwa mtu anayejua ua linafunguka saa ngapi.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Duniani kuna wataalamu wengi wa uzazi wa ngano, mpunga na kale kagugu kadogo kanakoitwa Arabidopsis. Wa muhogo, mgomba, kiazi kikuu na kiazi kitamu ni wachache, na mazao yenyewe yako nyuma ya nyumba zenu.

Niwapeleke Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Ni huko huko Usambara ambako ugonjwa wa batobato ya muhogo uliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1894. Katika miaka ya 1930 watafiti wawili wa Amani, Storey na Nichols, walitafuta muhogo usiougua batobato, na kinga waliyoipata kwenye mihogo ya kawaida haikuwatosha. Wakageukia mti wa mpira, ule ambao majani yake watu wa Tanga na Morogoro wanayapika, kisamvu cha mpira. Ni ndugu wa muhogo. Chavua ya mmoja ikiwekwa kwa mwingine, mbegu inashika.

Kizazi cha kwanza kilikuwa na kinga lakini mizizi yake ilikuwa kama kamba ya meli. Ikabidi chotara huyo arudishwe kwa muhogo, na watoto wake warudishwe tena, na wajukuu tena. Kila mzunguko maana yake ni mtu kusimama juani na kugusisha ua moja kwa lingine kwa mkono. Baadaye, katika miaka ya 1950, mbegu za kazi ile zilipelekwa Nigeria. Huko ukapatikana mmea uliopewa namba 58308. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967 na kuanza kazi ya muhogo, 58308 ndiye aliyekuwa mzazi wao mkubwa wa kinga. Mmoja wa watoto wake, TMS 30572, alirudi Afrika Mashariki, na Waganda walimpa jina la Nase 3. Wengine wanamwita Migyera. Miaka ya 1990 batobato kali ilipofagia mihogo ya Uganda, huyu alikuwa miongoni mwa waliowarudisha watu shambani.

Kwa hiyo damu ya mti wa kisamvu cha mpira ilitoka mlimani Tanga, ikapita Ibadan, ikafika Uganda. Nashangaa kwamba hadithi hii haimo katika vitabu vyetu vya sekondari, wakati njegere za yule mtawa, Mendel, zimo kila toleo. Sizichukii njegere.

Sasa niwaambie aibu yangu. Nilipokuwa nafanya uzamili nilipewa eneo kwenye kituo kimoja nisichokitaja, nikapanda mistari sita ya mihogo ya mama na minne ya baba, siku moja, kama mtu anayepanda mahindi. Mama akagawa matawi mapema akatoa maua mwezi wa tano. Baba akaenda juu wima kama mlingoti. Mwezi wa sita, wima. Mwezi wa nane, wima. Muhogo hutoa maua pale shina linapogawanyika. Lisipogawanyika hakuna ua. Nami nilimchagua baba yule kwa sababu wakulima wanampenda, na wanampenda kwa sababu hatawanyiki: unapanda maharage katikati yake na pingili zake ni ndefu na zimenyooka. Sifa anayoilipia mkulima ndiyo iliyoninyima chavua. Mwaka mzima ukaenda na maji, na msimamizi wangu akasema neno moja tu: "Umejifunza."

Kama ningesubiri miaka michache ningekuta dawa. Watafiti wa IITA na Chuo Kikuu cha Cornell wamefuatilia jambo hili: taa nyekundu zikiwashwa shambani usiku, muhogo unaochelewa kutoa maua hugawa matawi mapema. Ukikata machipukizi yanayotaka kulipita ua, ua linaendelea kukua badala ya kunyauka, na ukiongeza vichochezi vya mmea idadi ya maua inapanda. Nigeria kuna mahali panapoitwa Ubiaja ambapo mihogo hutoa maua kwa wingi kuliko kwingine, na waboreshaji wa mihogo husafiri hadi huko kwa ajili ya hilo tu. Je, Ubiaja ya Tanzania iko wapi? Ya Kenya? Hilo ni swali la tasnifu ya uzamili, limelala hapo sakafuni, mwenye mikono aliokote.

Na hata ua likipatikana, muhogo una vituko vyake. Katika shada moja maua ya kike yako chini, machache, na yanafunguka wiki moja hadi mbili kabla ya yale ya kiume ya juu. Shada linakataa kujioa. Asubuhi unavisha maua vimfuko, karibu na adhuhuri yanafunguka, unayo masaa machache ya kazi, basi. Ukifanikiwa, tunda moja linakupa mbegu tatu kwa wingi wake, na likikauka linapasuka na kuzirusha usipolifunika. Mbegu tatu! Anayefanya kazi na mahindi anavuna mia kadhaa kwa gunzi moja na bado analalamika posho.

Mgomba ni mkaidi zaidi. Ndizi unayokula imejaa bila kurutubishwa. Vile vidoti vyeusi katikati ni mayai yaliyokata tamaa. Ndizi za kupika za Kagera na Uganda zina seti tatu za kromosomu, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo gameti, yaani seli za uzazi, nyingi zinaharibika. Miaka mingi watu waliamini migomba hii ni tasa kabisa. Ikaja kuonekana kwamba baadhi yake, ukiipa chavua ya mgomba pori wenye rutuba, kama ule unaoitwa Calcutta 4, inatoa mbegu moja moja. Kutoka hapo ndipo taasisi ya utafiti ya Uganda na IITA walipofika kwenye chotara 27 waliopewa jina la NARITA.

Niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana wengi mnafikiri ni maabara yenye kiyoyozi. Ni saa moja asubuhi, umande haujakauka. Umeegemeza ngazi kwenye mgomba unaoteleza. Ala ya zambarau ya ua imejikunja usiku na chini yake chana moja ya ndizi changa imejitokeza, kila kidole kina ua lake nchani, rangi ya maziwa, linanata. Mkononi una maua ya kiume uliyoyachuma kwa baba dakika chache zilizopita. Unayasugua juu ya stigma, ile ncha ya ua inayopokea chavua, kidole kwa kidole, mstari wa juu na wa chini, halafu unarudisha mfuko, unafunga uzi na kuandika tarehe. Kesho ala nyingine inafunguka, unarudi. Jumapili mgomba haujui kwamba ni Jumapili.

Miezi inapita. Mkungu unakatwa, unaivishwa, mnakaa watu wanne na ndoo mnaminya ndizi mbivu kwa vidole mkitafuta kitu kigumu. Siku nyingine mnamaliza mkungu mzima hamjapata kitu. Ikipatikana mbegu, ni nyeusi, ngumu, kama pilipili manga isiyo na umbo. Mnaitupa majini, inayoelea ni tupu. Inayozama inapelekwa maabara, inapasuliwa chini ya hadubini, na kiinitete kidogo kuliko kichwa cha pini kinatolewa kwa kibano na kulazwa kwenye chupa ya chakula, kwa sababu kikiachwa ndani ya mbegu mara nyingi hakioti. Mkono ukitetemeka, mwaka wa kazi umeishia kwenye ncha ya kibano. Mabinti wawili niliofanya nao kazi walikuwa na mikono tulivu kuliko yeyote kati yetu, na hawakuwa na shahada.

Kwa nini mbegu ni chache hivyo? Watu wametazama mirija ya chavua, ile inayoota kutoka kwenye chavua kulifuata yai, ndani ya ua la mgomba wakaona mingi inakwama njiani kabla ya kufika kwenye ovari. Nini kinaikwamisha, katika aina ipi, kwa joto lipi, bado kuna kazi ya uzamivu kadhaa humo.

Hebu turudi ukutani. Mnaona? Ule mkia ni mrija wa chavua, na nyie mkinisikiliza ulikuwa unaota. Sikumpa ua. Nimempa sukari tu akajua la kufanya. Katika hindi, kila uzi wa zile ndevu zake unakwenda kwenye punje yake peke yake, na mrija kama huu unausafiri uzi mzima ndani ya siku moja, umebeba seli mbili za kiume. Moja inaungana na yai inakuwa kiinitete. Ya pili inaungana na seli nyingine jirani inakuwa endospemu, yaani sehemu kubwa ya unga wa ugali. Aliyegundua ndoa hizi mbili alikuwa Nawaschin, huko Kiev, mwaka 1898. Namna mrija unavyoijua njia ilikaa kuwa fumbo hadi mwaka 2009, maabara ya Kijapani ilipozitambua protini ndogo zinazotolewa na seli za jirani za yai, zinazouvuta mrija kama harufu ya chapati inavyovuta mtoto. Walitumia ua ambalo mfuko wake wa yai umejitokeza nje, unaonekana bila kupasua. Kuchagua mmea unaokuonyesha unachokitaka ni nusu ya kazi. Hapa kwetu kuna mimea maelfu ambayo hakuna aliyeitazama kwa jicho hilo.

Jambo moja la moto, kisha niingie kwenye karatasi na barua. Panda kokwa la chungwa, mara nyingi yataota machipukizi mawili au matatu, na baadhi yake si mtoto wa ndoa: yametoka kwenye mwili wa mama, nakala yake kamili. Mbegu bila baba. Mwishoni mwa mwaka 2018 watafiti wa California walitangaza kwamba wameufanya mpunga kutoa mbegu za namna hiyo, na kundi la China likatangaza la kwake karibu wakati huo huo. Australia walianzisha mradi wa kulifanya hilo kwenye mtama na kunde, na wamesema wazi kuwa wanamlenga mkulima mdogo wa Afrika. Fikirieni maana yake. Mkulima wa Songea ananunua mbegu chotara kila msimu kwa sababu akipanda alichovuna, mimea inatoka tofauti tofauti. Mbegu ya namna hii angenunua mara moja akahifadhi. Nani atakubali kuiuza? Kwa masharti gani? Mimi nina wasiwasi wangu, lakini nataka siku wanapojadili hayo, mezani awepo mtu wa kwetu anayeijua seli ya yai, asiwe amekaribishwa kupiga picha tu.

Sasa nafasi. Hapa nyumbani, Sokoine cha Morogoro kina uzamili wa sayansi ya mazao, Dar es Salaam kina idara ya botania yenye hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, na hapa Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo IITA inafanya kazi ya migomba katika eneo lake. Makerere kina kituo cha kikanda cha uboreshaji wa mazao, MaRCCI. Chuo Kikuu cha Ghana kina WACCI, kituo cha uboreshaji wa mazao cha Afrika Magharibi, kwa uzamivu wa uboreshaji wa mimea. Anayependa upande wa nyuki na wachavushaji wengine asiiruke icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Na anayependa kutambua mimea yenyewe, bustani ya Kew ya Uingereza imekuwa ikiendesha uzamili pamoja na Queen Mary, London. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, upo hata kwa anayesoma ndani ya Afrika, jambo ambalo wengi hawalijui. Upo wa Jumuiya ya Madola. Upo wa RSIF, mfuko wa kikanda wa Afrika, kwa uzamivu. Ujerumani, Uholanzi na Sweden nafasi ya uzamivu mara nyingi inatangazwa kama kazi, yenye mkataba na mshahara. Marekani programu nyingi zinakulipa ukifundisha au ukifanya utafiti, na unaweza kuingia uzamivu bila kupitia uzamili. Tarehe na masharti hubadilika, someni tangazo la mwaka wenu, msisome la kaka yenu.

Kuhusu barua, nina mengi. Nilipoanza niliandikia maprofesa arobaini barua ile ile. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba jina nililoliweka juu si lake. Baadaye niliandika barua tatu tu. Katika kila moja nilieleza nilichokiona kwenye ile mihogo iliyosimama wima, nikaweka jedwali la tarehe za maua, mistari kumi, miezi sita, na swali moja. Nikajibiwa na wawili ndani ya wiki. Ule mwaka uliopotea ndio ulionipatia nafasi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta profesa, tafuta mmea. Chukua mpapai wa jirani mnaouita dume, hesabu maua yake kila wiki, uone kama siku moja hautakushangaza kwa kuzaa. Chukua pasheni, kaa chini yake mchana uwahesabu wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Unahitaji daftari, lenzi ya mkononi na subira. Maabara yenye hadubini ya mwanga wa fluoresensi, ambayo ukitia rangi ya bluu ya anilini mirija ya chavua inang'aa ndani ya ua, utaikuta baadaye, na utafika ukiwa na cha kuiuliza.

Na kibali, tafadhali. Kufanya utafiti nchini kuna utaratibu wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kutoa mbegu au chavua nje ya nchi kuna cheti cha afya ya mimea na makubaliano ya kimataifa kuhusu nani anafaidika. Usiweke chavua mfukoni ukapanda ndege kwa sababu ni vumbi tu. Vumbi hilo lina wenyewe.

Wameniashiria muda. Maswali niulizeni nje, nimekauka koo. Ila kesho saa moja kamili asubuhi, nyuma ya ukumbi huu, kuna migomba kumi na miwili iliyofungua ala usiku wa leo au itakayofungua alfajiri. Ngazi ziko tatu. Wa kwanza kufika ndio watakaopanda, wengine watashika mifuko na kuandika lebo. Vaeni nguo msizozionea huruma, utomvu wa mgomba hautoki.